Paa la Bwana Mifugo

Usimhamishe mtu, hamisha paa.

Mliisikia methali hii juzi kwenye mazoezi ya kwaya, pale mlipotaka kumtoa Bupe kwa sababu anachelewa kila mara. Mama mmoja aliwaambia maneno hayo, akaendelea kukaza kanga yake kana kwamba hajasema kitu. Mliinamisha vichwa kwa heshima, lakini niliwatazama nyuso nikajua hamkuelewa. Mtu na paa la nyumba vinakutana wapi? Basi sogezeni viti. Methali hii si ya enzi za mababu. Wako watu walioiona ikizaliwa na mpaka leo wanachuma chai. Nami nitawaeleza ilivyozaliwa.

Hapa hapa Tukuyu palikuwa na mtu aliyeitwa Gwakisa Mwandemele. Waliomjua kwa jina hilo ni wachache. Wengine wote walimwita Bwana Mifugo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoifanya miaka thelathini na miwili. Alipanda na kushuka milima hii kutibu ng'ombe wa watu, kwanza kwa miguu, baadaye kwa pikipiki. Alikuwa na tabia ya kulaza sikio lake ubavuni mwa ng'ombe na kulisikiliza tumbo kwa muda mrefu, mwenye ng'ombe akiwa amesimama pembeni roho mkononi. Kisha alinyanyuka, akajipangusa sikio, akatamka kwa ile sauti yake nene, "Huyu anataka chumvi." Au, "Huyu mpeni siku tatu." Na siku tatu zikiisha, mambo yalikuwa vile vile alivyosema.

Alipostaafu alinunua nyumba kuukuu kule mwinukoni, iliyojengwa zamani na meneja wa shamba la chai. Nyumba yenyewe haikuwa na la kujivunia: vyumba vya giza, madirisha madogo, milango myembamba. Lakini ubavuni mwake palikuwa na chumba cha vioo. Kuta zake tatu zilikuwa madirisha matupu kuanzia kiunoni kwenda juu, na paa lake nalo lilipitisha mwanga. Mwanzoni lilikuwa la vioo, navyo vilipovunjika kimoja kimoja, waliokaa humo wakaweka mabati ya plastiki nyeupe. Mke wa meneja, inasemekana, alikuwa akiotesha maua humo. Ukikaa ndani uliuona mlima Rungwe mbele yako na mawingu juu ya kichwa chako.

Mkewe, Bi Tusekile, alipokizunguka chumba kile kwa mara ya kwanza aliuliza, "Sasa humu tutaweka nini, Baba Anyisile? Maua hatuna."

"Utaniweka mimi," akajibu Bwana Mifugo.

Wakacheka, wakahamia.

Haukupita mwaka wakagundua kwa nini nyumba ile iliuzwa kwa urahisi. Chumba kizuri kile kilikuwa na majuma machache tu ya kukalika. Mvua ikinyesha, na mvua ya Tukuyu mnaijua, haiombi ruhusa, plastiki ile ilipiga kelele kama watu mia wanaomwaga mahindi makavu kwenye debe. Ungemwambia mwenzako nyumba inaungua asisikie. Ikifika Juni, ukungu ulipanda kutoka bondeni, baridi ikatulia humo kama maji ndani ya mtungi, na paa likaanza kutoa jasho, tone baada ya tone, likikulenga shingoni. Mvua na baridi vikiisha, lilikuja jua la Oktoba. Hapo chumba kiligeuka kikaango. Bi Tusekile akazoea kuanikia maharage humo. Bwana Mifugo alikaa pale siku alizoruhusiwa na hewa, na hakulalamika.

Mwaka wa nne, mwezi wa pili, kiharusi kilimwangusha zizini, akiwa ameshika ndoo ya pumba.

Alikaa hospitalini wiki tano. Alirudi nyumbani akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mkono na mguu wa kulia vimelala, na ile sauti nene imebaki kuwa mngurumo usio na maneno. Daktari wa mazoezi, mwanamke kijana mwenye subira, alimshika Bi Tusekile mkono akamwambia, "Mama, maneno yake hayajafa. Yamepotea njia. Mkalishe penye mwanga, aone watu. Zungumza naye kila siku, kisha umsubiri. Msubiri kweli, hata kama ni dakika nzima. Usimfungie chumbani."

Bi Tusekile alimwitikia kwa moyo wote. Lakini walipofika nyumbani, kiti kile kikagoma kwenye mlango wa sebule. Kiligoma jikoni pia. Milango miwili tu ndiyo iliyokipokea: wa chumba cha kulala, kilichokuwa na dirisha dogo kama la duka la sigara, na wa chumba cha vioo kilichopakana nacho. Na huo ulikuwa mwezi wa tatu. Mvua ilikuwa inashuka mchana kutwa. Bi Tusekile alijaribu siku mbili kukaa naye kwenye vioo, akimpigia kelele sikioni, "Sema maji! Ma-ji!" Mumewe alimwangalia midomo tu, kama mtu anayetazama watu wa ng'ambo ya mto. Siku ya tatu akamrudisha kitandani.

Mwishoni mwa Mei mvua zilipungua. Akamsukuma tena kwenye mwanga. Siku ya nne, akiwa anamnywesha uji, alimsikia akisema, "Tuse." Bi Tusekile aliweka kikombe chini akalia. Baada ya hapo yakaja maji, chai, na asubuhi moja, kwa taabu kubwa, ng'ombe. Kisha ukungu wa Juni ukaingia. Baridi ilimkunja vidole vya mkono mbovu mpaka vikawa kama makucha, naye akarudishwa chumbani, uso ukutani. Maneno yale yakaondoka moja moja kwa mpangilio ule ule yaliyokuja nao. Ilipofika Agosti hata kujaribu alikuwa ameacha.

Mtoto wao wa kwanza, Anyisile, alikuwa Dar es Salaam, anafanya kazi bandarini. Alipiga simu kila Jumapili.

"Mama, umechoka. Nasikia kwenye sauti," alisema Jumapili moja. "Nije nimchukue Baba. Huku ni joto, hospitali ziko karibu, na ghorofa yetu ina lifti. Huko milimani mtakufa wote wawili."

Bi Tusekile alikuwa amemgeuza mumewe mara sita tangu alfajiri, na mgongo ulikuwa unamuuma. Akasema, "Sawa, mwanangu."

Alipoishusha simu alikwenda jikoni, akasimama, akashindwa kukumbuka alichofuata. Neno lile, sawa, lilikuwa linamsuta. Alimjua mumewe. Mtu ambaye hakuna zizi wilaya nzima asilolifahamu, akakae ghorofa ya sita mahali ambapo hakuna atakayemwita Bwana Mifugo? Angekula, angelala, angefunikwa vizuri. Na angezimika.

Siku za mwanzo za Septemba zilikuwa njema, hazina baridi wala jua kali. Bi Tusekile akamtoa tena kwenye vioo, pasipo matumaini makubwa, apate hewa tu kabla ya safari. Siku ya tatu Bwana Mifugo aliinua mkono wa kushoto akaonyesha mbele. "Rungwe," akasema. Safi kabisa, kama mtu anayesoma kibao.

Hapo ndipo mama huyu alipoketi akafikiri. Ugonjwa wa Machi ni huu. Wa Juni ni huu. Wa Agosti ni huu huu. Mgonjwa ni yeye yule na muuguzi ni mimi yule. Kinachobadilika ni nini? Akainua macho juu. Plastiki ile ilikuwa imeota ukungu wa kijani pembeni, na mjusi alikuwa akitembea juu yake, tumbo likionekana.

Kesho yake alimwita Fundi Mwakatobe. Huyu alikuwa mzee mwembamba aliyeezeka makanisa matatu ya huku, na watu walisema huhesabu maneno kama misumari. Alifika, akagonga nguzo kwa vifundo vya vidole, akachungulia chini ya sakafu, akapima madirisha kwa jicho. Kisha akaomba jambo ambalo Bi Tusekile hakulitegemea.

"Mama, mgonjwa anakaa wapi?"

"Hapa."

Fundi akavuta kigoda, akakaa pale pale, akatulia robo saa. Saa sita ilikuwa inakaribia. Jasho likamtoka, likamfika kidevuni. Akasimama.

"Kuta hazina neno. Sakafu haina neno. Nguzo zitabeba hata kengele," alisema. "Chumba hiki kinaumwa kichwa tu."

Akaeleza. Plastiki yote itoke. Paa jipya la bati liwekwe, lakini si bati tupu: chini yake dari ya mbao, na katikati maranda makavu yaliyochanganywa na chokaa ili wadudu wasijenge. Unene wa shibiri moja. Kelele ya mvua ingefia humo, baridi isingeshuka, jua lisingepenya. Mbao wasingetafuta mbali. Miti ya milingoti aliyoikuta Bwana Mifugo nyuma ya zizi ilikuwa imekomaa.

Bi Tusekile alisikiliza mpaka mwisho. "Lakini Fundi, nyumba hii aliinunua kwa sababu ya paa hili. Anapenda kuona mawingu. Nikimfunika, si nitakuwa nimemzika akiwa hai?"

"Muulize."

"Atajibuje?"

Fundi Mwakatobe aliokota kofia yake. "Hilo silijui," akasema. "Najua kuezeka."

Bi Tusekile hakumuuliza mumewe. Siku zikapita, kila asubuhi anajiambia leo, na kila jioni anajiambia kesho. Aliogopa majibu yote mawili. Jumamosi ya mwisho ya Septemba, Anyisile akafika bila taarifa, na gari la kuazima, na godoro jipya limefungwa juu yake.

Walikaa kikao mle mle kwenye vioo, maana ndipo kiti cha mgonjwa kilipoenea. Jua lilikuwa limepamba moto. Fundi Mwakatobe alikuwa ameitwa na Bi Tusekile ili amsaidie kusema. Bwana Mifugo alikuwa katikati yao, kichwa kimefunikwa kitambaa, macho yanakwenda kwa huyu na kwa yule.

"Mama, wewe mwenyewe ulisema sawa," alianza Anyisile. Hakuwa mkali. Alikuwa mtoto aliyekuwa na hofu. "Sasa unaniambia habari za mabati na maranda. Baba si wa kufanyiwa majaribio."

"Nilisema sawa kwa kuchoka," mama akajibu. "Mwanangu, mimi nimemsikia akiongea humu."

"Neno moja, Mama. Rungwe. Halafu mvua zikianza?"

"Ndiyo maana nataka paa."

"Na likishindikana? Tutakuwa Desemba, barabara zimeharibika, nitampitishaje? Afadhali tumwondoe sasa. Tumlaze nyuma ya gari, tutoke alfajiri, tulale Iringa. Nimekwisha kupima, anaenea."

Akalifuta jasho lake kwa kiganja. Ndipo Fundi Mwakatobe alipoinuka, akamzunguka Anyisile, akachuchumaa mbele ya kiti cha magurudumu.

"Shikamoo, Bwana Mifugo."

Mzee akanguruma.

"Wanazungumza habari zako. Wewe unataka nini?"

"Fundi," Anyisile akasema kwa upole, "Baba hawezi kujibu."

"Sijamuuliza anaweza nini. Nimemuuliza anataka nini."

Anyisile akafumbua mdomo, mama yake akamwekea mkono gotini. Alikuwa amekumbuka maneno ya daktari: msubiri kweli. Wakasubiri. Nzi mmoja aligonga kioo, akagonga tena. Bwana Mifugo alifumba macho, mishipa ya shingo ikamsimama, kama mtu anayevuta ndama aliyekwama tumboni mwa mama yake.

"Usi," akasema. Akapumua. "Usini… hamishe."

Anyisile akaganda.

"Usinihamishe mimi," mzee akarudia, na sasa maneno yalikuwa yanafuatana. Mkono wa kushoto ukapanda polepole mpaka kidole kikaelekea juu, kwenye ile plastiki inayowaka jua. "Hamisha… paa."

Bi Tusekile aliinama akakiweka kichwa chake kwenye goti la mumewe. Anyisile alitoka nje. Walimwona kupitia vioo akisimama kando ya gari, mgongo umewaelekea, mabega yakicheza. Aliporudi alikuwa amevua saa na kukunja mikono ya shati.

"Fundi," akasema, "tunaanzia wapi?"

Alikaa siku nne za likizo yake akikata milingoti, kisha akarudi kazini, godoro akaliacha. Alimwambia mama yake kwamba angerudi Krismasi. Kama chumba kingekuwa kimeshindikana, wangezungumza upya. Bi Tusekile alikubali, akijua kwamba muda ule aliopewa ulikuwa mfupi.

Kazi haikuwa ya siku moja. Mbao zilipasuliwa, zikaachwa zikauke. Siku plastiki ilipoteremshwa, chumba kilibaki wazi, na Fundi Mwakatobe na wenzake wawili wakaanza kupandisha kenchi, zile fremu za mbao za kubebea paa. Zilikuwa zimesimama nne tu mvua ilipokuja, mapema wiki tatu kuliko kawaida yake. Maji yakamwagika sakafuni, yakaelekea mlango wa chumba cha kulala. Bi Tusekile alipiga yowe. Majirani walikuja mbio kutoka kwenye chai, vikapu bado migongoni, wakalivuta turubai la kuanikia mahindi wakalishikilia juu kwa mikono yao, wanaume na wanawake, saa nzima, wakiloa na kutaniana. "Bwana Mifugo!" mmoja alimwitia mlangoni. "Safari hii sisi ndio tunaokushikia ng'ombe!" Mzee alicheka. Kicheko hakikuwa kimepotea njia.

Katikati ya Novemba paa likakamilika. Upande wa mlimani fundi alikuwa ameliinua zaidi kuliko lile la zamani, ili madirisha yaubebe mlima wote. Bi Tusekile alifagia maranda, akapangusa vioo, akamsukuma mumewe mpaka katikati.

Bwana Mifugo aliinua uso akatazama juu. Mahali palipokuwa na mawingu sasa palikuwa na mbao. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akaushusha uso, akatazama magoti yake. Siku hiyo ikapita hivyo. Na ya pili. Chumba hakikuwa na giza, lakini mwanga wake ulikuwa wa namna nyingine, mtulivu, unaoingia kwa pembeni. Bi Tusekile alipika, akafua, akamgeuza, na moyoni mwake akawa anajilaumu: nimemnyang'anya mbingu yake. Alitamani kumwomba msamaha, akashindwa pa kuanzia.

Siku ya tatu, saa nane za mchana, Mama Subilaga, jirani wa bondeni, alibisha hodi. Alikuwa amevaa mfuko wa nailoni kichwani. Nyuma yake mvua kubwa ilikuwa inateremka kutoka Rungwe kama pazia, ile mvua yenyewe, ya msimu. Aliingia chumbani, akaketi kwenye ukingo wa benchi.

"Nimekuja kumwona mgonjwa tu," alimwambia Bi Tusekile. "Ila na moyo wangu hautulii. Ng'ombe wangu tangu jana hali. Amevimba ubavu, anageukageuka, anapiga tumbo kwa mguu."

Mvua ikafika juu ya nyumba.

Bi Tusekile alikaza mabega kwa mazoea, akingoja ile kelele. Haikuja. Palikuwa na uvumi tu, mzito na wa mbali, kama mashine ya kusaga iliyoko kijiji cha pili. Alimsikia Mama Subilaga akivuta pumzi. Alisikia kiti cha magurudumu kikilia kidogo. Kisha akasikia ile sauti nene ambayo hakuwa ameisikia tangu Februari.

"Ubavu gani?"

Wanawake wale wawili wakageuka.

"Wa… wa kushoto, Baba," akasema Mama Subilaga.

Mzee akafikiri. Mvua iliendelea kunyesha kwa nguvu zote, na hakuna aliyelazimika kupaza sauti.

"Gesi," akasema. "Mpe mafuta. Ya kula. Chupa… moja. Mtembeze. Asilale." Akapumzika, akameza mate. "Jioni… uje. Uniambie."

Mama Subilaga aliondoka mbio ndani ya mvua ile ile, mfuko wa nailoni akiusahau kwenye benchi. Jioni alirudi, amelowa mpaka mifupani, anacheka. Ng'ombe alikuwa amesimama na anatafuna. "Ndaga fijo, Baba," alisema akipiga magoti, asante sana kwa lugha ya kwetu. Kesho yake walikuja watu wawili na maswali ya ng'ombe wao. Juma lililofuata walikuja saba.

Anyisile alifika siku mbili kabla ya Krismasi. Alikuta viatu vya matope vimejaa mlangoni, akadhani kuna msiba, akaingia kwa pupa. Akamkuta baba yake, blanketi magotini, mvua inapiga nje, anabishana na mtu mzima kuhusu kupe. Maneno yalitoka polepole, na mengine yalikataa, lakini waliomzunguka walikuwa wamejifunza kusubiri. Anyisile alisimama mpaka wageni walipoondoka. Kisha akachuchumaa mbele ya kiti, kama alivyomwona fundi akifanya.

"Baba, unataka nini?"

Bwana Mifugo alimwekea mwanawe mkono wa kushoto begani.

"Chai," akasema. "Na… ukae."

Aliishi miaka tisa katika chumba kile, masika na kiangazi, kipupwe na jua. Mguu haukurudi, wala sauti yote haikurudi. Iliyorudi ilimtosha, na ilituponyea ng'ombe wengi. Habari zake zilisambaa, na Fundi Mwakatobe, yule mhesabu maneno, akawa anayarudia maneno yale kila alikoitwa kuezeka, mpaka watu wakayachukua na kuyatumia hata pasipo nyumba. Ukoo ulipotaka kumrudisha kwao bibi arusi asiyejua kupika, Bi Tusekile mwenyewe aliwauliza kama kuna aliyekaa naye jikoni hata siku moja. Kisha akawaambia maneno hayo hayo, na binti yule leo ni mama wa watoto.

Kwa hiyo, mwenzenu akishindwa mahali, kabla ya kumfungashia mizigo, vuta kigoda ukae pale anapokaa yeye. Tulia. Angalia kinachomdondokea shingoni. Na usisahau kumuuliza, kisha umsubiri ajibu.

Usimhamishe mtu, hamisha paa.